Panya Walikula Wakati Ujao

Kitabu nilikinunua kwa debe la viazi
kwa mjane wa katekista, Kiponzelo.
Jalada la kitambaa, rangi ya ugoro,
muhuri wa misheni umefifia kama kovu la utotoni.
Sarufi ya Kilatini, imeelezwa kwa Kiitaliano:
mlango umefungwa,
na ufunguo umefungiwa katika sanduku jingine.

Kurasa arobaini na mbili hazimo.
Panya walianzia katikati,
wakala wakati ujao wote,
wakatuachia uliopita na uliopo.

Kiitaliano nilikikwepa kama dimbwi.
Nikajifunza lugha isiyo na kesho.

Walimu wengine sikuwalipa kitu.
Makaburi ya mapadre nyuma ya kanisa,
Julai, nyasi zimeungua kwa sakitu:
*hic* ni hapa, *iacet* ni amelala,
na mtu wa Turini anaweza kulala hapa
kwa sarufi isiyo na kosa hata moja.
Kisha vibao vya miche, kitaluni Ifunda, kazini kwangu.
*Pinus patula*. Pinus ni paini, hilo kila kibarua analijua.
Patula ni aliyetandaza mikono.
Miaka kumi na moja namwagilia maji mti ule
bila kujua kwamba ulikuwa unanikaribisha.

Lakini kusoma ni macho tu.
Kusema kunataka mdomo wa mtu wa pili.

Kalisto Mgongolwa anagema ulanzi bondeni Tanangozi.
Seminari walimfukuza kwa kosa
linalobadilika kila msimu wa ulanzi:
mwaka juzi mwanamke, mwaka jana mpira wa miguu.
Ada yangu, betri mbili za redio kwa wiki.
Daftari alilikataa.
"*Salve*," ananiambia, kisu mkononi, mbeta zinadondokewa.
Najibu, "Kamwene."
"Umepatia," anasema. "Umekosea bara tu."

Ni yeye aliyenionyesha hili:
sisi humtanguliza mtu,
ni-, u-, a-, anaingia kwanza na kofia yake,
kitendo kinamfuata nyuma na mzigo kichwani.
Warumi humwacha mtu mlangoni.
Kitendo kipite chote, ndipo umwone ni nani.
"Usikimbilie kujua nani," alisema.
"Sikia kwanza kumetokea nini."

Nikamuuliza wakati ujao.
Akanoa kisu. Akakinoa tena, nacho kilikuwa kikali.
"Ule sikuufikia.
Walinifukuza Jumanne. Tulikuwa tuuanze Jumatano."

Nikarudi nyumbani na ukungu.

Mama yangu, Onorata, alikuwa jikoni anapukuchua mahindi.
Misa za zamani zimo ndani yake bado, nzima nzima,
kama shanga zilizomezwa na mtoto.
Hajawahi kuuliza maana. Hakuna aliyewahi kumwambia.
Gunzi moja, mstari mmoja. Gunzi la pili.
Kisha akatamka, bila kuinua uso:
*introibo*.

Nikasimama na kuni mkononi.
Intro ni ndani. Ile i ni kwenda.
O ya mwisho ni mimi, nasubiri mlangoni.
Na katikati kuna b,
imekaa pale kama mgeni asiyejitambulisha.
Nilikesha na kibatari kwenye kurasa zote zilizobaki.
O yenye b mbele yake haimo popote.

Sasa basi.
Miaka sitini panya hawakuufikia.
Alikuwa ameuficha mdomoni.

Asubuhi nikamwambia:
"Mama, lile neno. Maana yake, nitaingia."
Akapepeta punje, akapuliza makapi.
"Wapi?"
Sikuwa na ukurasa huo.
Akatazama mlango, muda mrefu kidogo,
ukungu wa Tanangozi umejaa hadi kizingitini.
"Haya," akasema. "Nikishaingia, ufunge.
Kuna baridi."