Unywele wa Kioo

Nyemo, usile karanga hapo.
Wala usikung'ute suruali!
Bandika utepe wa gundi, okota kila kipande,
tia kwenye chupa, funga kizibo.
Upepo huu wa Ihumwa hauna adabu.

Mwaka jana, kule Nala, unywele mmoja ulinizama kidoleni.
Mke wangu alimulika tochi hadi majogoo,
hakuona kitu.
Mimi niliusikia kila nilipofinyanga tonge.

Na ncha hiyo usiichungulie.
Unasema giza? Mwanga wake haupigi hodi,
huingia mbonini kimya.

Vaa miwani. Najua: mtaro mwekundu, jasho, vumbi.
Vaa.
Uzi huu ukikatika tutauunga tena.
Jicho linaungwa na fundi gani?

Haya, maji yako kwenye dumu.
Karanga baadaye.