Beseni la Bluu

Muuza mbegu wa Igunga ana mizani iliyopinda
na kidole kirefu cha kuonyeshea picha.
"Hii ya Rhodes," asema, "siku saba imeota,
mwezi wa tatu ng'ombe wamezama kifuani."
Nikamuuliza: na mwezi wa kumi je?
Akafunga mfuko. Akataja bei.

Nilichukua kilo mbili tu,
ya upesi, iifunike ardhi kabla kwekwe haijaamka.
Kisha mkia wa mbweha, kilo nne,
mbegu yenye manyoya, yenye kung'ang'ania vidole
kama mtoto asiyetaka kuachwa sokoni.
Hiyo huchelewa. Mwaka wa kwanza utaicheka.
Inashuka kwanza, ndipo ipande.
Na mikunde, kiganja kimoja: stailo,
nikaiogesha maji ya moto
ganda lake gumu lipate kuisikia mvua.

Shemeji Kashindye alisimama mlangoni.
"Mwanamke anapanda majani! Majani hupandwa na Mungu."
Kweli, shemeji. Na tangu apande,
sisi tumeyapumzisha lini?
Tulikuwa na ngitili toka korongoni hadi kwa Maduhu,
tukaimega: hapa pamba, pale alizeti,
hapa ng'ombe wa mahari ya nduguyo.
Ulizoea kusema, Ngasa, ng'ombe ni benki.
Hukusema benki hula nini.

Huku juu luseni, kule chini mbuga nyeusi:
udongo huu haushiki maji, ule hauyaachii.
Usiku nilitandika gunia, nikagawa mafungu,
nikayavuruga, nikagawa tena.

Ndipo nikakumbuka kaburi lako.
Tulilizungushia miiba ng'ombe wasikukanyage,
na miaka mitatu ya jua,
kijiji kizima kimekuwa kipara,
pale ulipolala majani yamefika kiunoni.
Sijui jina lake. Afisa mifugo naye hajui;
aling'ata bua, akatafuna, akatema,
akasema, "Andika: la hapa."

Asubuhi nilikwenda na kisu na kanga.
Nikakata masuke, nikayapukusa juu ya goti.
Sikuomba ruhusa;
wewe mwenyewe hukupenda maneno mengi.

Sasa zote zimo katika beseni la bluu,
lile ulilokuwa ukinawia:
ya haraka, ya subira,
iliyooga moto,
na yako.
Nachanganya na mchanga mkavu, upepo usije ukachagua.

Mvua haijaja.
Kashindye amekuja tena. Leo amekaa chini,
mkono wake umeingia beseni hadi kifundoni,
anauliza, kama mtu anayetania,
zitabaki ngapi.