Nane Nukta Tisa

Kadi yangu ya kliniki ina wino mwekundu:
nane nukta tisa.
Muuguzi ameizungushia duara
kama mwalimu aliyeona hesabu haikutoka,
kisha akaniuliza, "Kwani wewe huli mboga?"
Nikacheka.
Mimi, mtoto wa Bi Somoe wa Shela,
mkazamwana wa Mama Nyevu wa Muyeye!
Mboga ndizo zinazonila mimi.

Asubuhi mamangu huleta mchicha,
mafungu matatu yaliyofungwa kwa ukindu,
bado una umande na mchanga wa Ganda.
"Tazama shina lake," husema, "jekundu kama damu yenyewe.
Mola hakuificha dawa, aliitia rangi."
Huusuuza kwa maji matatu, kitunguu, tui jepesi,
dakika tano, na kijani hakijafa.
Kila kijiko hukipa kazi:
hiki macho ya mtoto,
hiki mifupa,
hiki damu. Kula.

Jioni mamamkwe huja na kinu chake mwenyewe,
haamini kinu cha mtu.
Hutwanga kisamvu hadi ukuta wa jirani ukaitika,
huchemsha, humwaga maji, huchemsha tena,
na makaa yangu ya siku mbili yamekwisha.
"Jani hili lina sumu," husema bila haya,
"kama mtu mwenye hasira, usimwendee mbichi.
Likishatulia, hakuna mboga.
Huo mchicha wenu ni mgeni wa mlangoni,
hata kiti hakalii, ameshaaga.
Kisamvu kilinikuzia watoto saba mwaka wa njaa,
nyama tukiisikia harufu kwa watu."

Ijumaa wakakutana jikoni kwangu.
Salamu ndefu. Pole za mguu. Habari za mbuzi.
Kisha sufuria mbili, jiko moja,
na mimi katikati na tumbo langu la miezi sita
nikila huku nijiko na huku nijiko,
kama hakimu aliyepewa hongo na pande zote.

Nikarudi kwa muuguzi. Mbeyu, jina lake,
ana kucha fupi na subira fupi zaidi.
"Kisamvu kina protini kuushinda mchicha,
amesema kweli mkweo.
Lakini ule mchemko mrefu unaoondoa sumu
huondoka na vitamini nyingi.
Mchicha hauhitaji moto mrefu, hubakiza zaidi,
amesema kweli mamako.
Chuma kimo kote kuwili, ila chuma cha majani ni bahili,
hakitoki mfukoni bila kubembelezwa."
Akaiweka kalamu chini.
"Ukishakula, unakunywa nini?"

Chai.
Chai ya rangi, tangawizi, iliki, vikombe viwili.
Kwa mamangu humiminwa kabla sijanawa mkono,
kwa mkwe huongezwa sukari bila kuulizwa.
Hapo tu ndipo hawajawahi kugombana.

"Basi hiyo ndiyo kufuli," akasema Mbeyu.
"Chai ingoje saa mbili. Mboga ikamulie ndimu.
Na vidonge nilivyokupa si vya kupamba dirisha."

Nilipowaambia, walinitazama
kama niliyetangaza msiba.
Mamangu akafunika chupa ya chai kwa kitambaa, taratibu.
Mama Nyevu akatoka uani,
akarudi na ndimu nne kwenye upindo wa leso,
akazibingirisha juu ya meza chini ya kiganja
hadi zikalainika.
Nusu akakamulia kisamvu.
Akasita.
Nusu ya pili akaiminya juu ya mchicha,
uso ameugeuzia pembeni,
kama mtu anayemlipia adui nauli.

Leo kadi inasema kumi nukta nne,
wino wa buluu.
Mamangu amepiga kigelegele kwa sababu ya mchicha.
Mkwe amenipa kuku kwa sababu ya kisamvu.
Nimemwambia kila mmoja, faraghani, mlango nimeurudisha:
ni yako iliyoniponya.

Kule juu ya kabati chupa ya chai imenuna,
inahesabu saa yake ya pili.