Timazi

Kitabu nilikinunua Makupa, kwa muuza vyuma chakavu,
kwa kilo, pamoja na bawaba mbili na komeo.
Kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa:
jina la mji limekwenda, la nchi limebaki nusu.
Picha zimesalimika. Kanisa la mawe,
limepanda juu kama mtu aliyeitwa ghafla.

Nikampelekea Fundi Mwidani kule Kuze.
Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa
akingoja chokaa ilale shimoni.
Akapangusa vidole kwenye kikoi, akakipokea
kama anavyopokea jiwe la matumbawe: uzito kwanza.
"Lina miaka mingapi?"
"Kama mia nane."
"Na wewe wanambia halijaanguka."

Hakutazama madirisha. Kila mtu hutazama madirisha.
Yeye alitafuta mvua inatokea wapi,
akaipata: pembeni mwa paa, mnyama wa jiwe,
shingo ndefu, masikio ya popo, kinywa wazi.
"Mlizamu!"
Akacheka mpaka kile kikohozi chake kikamdaka.
"Mlizamu wenye meno! Sisi twautia bati,
wao wautia jini."

Kwetu chumba hupimwa na mkoko.
Boriti ikikoma, chumba nacho kimekoma;
ndiyo maana bibi zetu walizalia, wakaoshewa maiti
katika vyumba vyembamba kama ala ya jambia.
"Boriti ndefu hivi wamezikata msitu gani?"
Hakuna boriti, Fundi. Ni mbavu.
Jiwe limeinama likakuta jiwe jingine linainama,
yakagusana vipaji vya nyuso, pakachongoka.
Mzigo unateremka kwa mbavu, na huko nje
mikono ya mawe inausukuma ukuta usifumuke.

Akanyamaza.
Akatoa timazi mfukoni, risasi na uzi wa nailoni,
akaining'iniza juu ya ukurasa, akafumba jicho moja.
"Ukuta huu wasukumwa. Nao wasukuma.
Basi haujasimama huu. Wagombana."

Ng'ambo ya kichochoro, nyumba ya Bi Zumra
imeegemea magogo manne mwaka wa kumi na moja sasa.
Manispaa waliipiga namba nyekundu, wakaenda zao.
Magogo yenyewe yamekuwa kamba ya kuanikia:
leo kanga, sare ya shule, foronya tatu.
Fundi akanyoosha kidole.
"Na ile je? Ile nayo kanisa?"
Sikujua kama anatania.

"Nani alijenga?"
Nikasoma. Askofu ametajwa. Mfalme ametajwa,
na mke wa mfalme, aliyetoa shamba.
"Fundi?"
Nikapekua mpaka jalada la nyuma.
Hakushangaa. Akainuka, magoti yakalia,
akaniingiza ndani ya nyumba tuliyokuwa tukiikarabati,
mpaka ndani kabisa, penye vidaka.
Akaleta taa chini ya linta. "Ndoo uone."
Dole gumba, limebonyea ndani ya chokaa ya zamani,
mistari yake yote imo, hata kovu.

Akaweka la kwake. Halikuingia.
Akaniambia nijaribu. Langu pia kubwa.
"Wanawake ndio waliokuwa wakiponda chokaa,"
akasema, "na watoto."
Tukasimama pale kidogo. Mwadhini akaanza, spika ikakwaruza.

Siku ile tulipiga lipu ukuta mzima,
tukaruka pale, upana wa sahani.
Mwenye nyumba aliuliza kwa nini kuna shimo.
Fundi alimwambia chokaa imepungua.

Jioni ndipo alipofika kwenye madirisha.
Bluu, nyekundu, bluu. Akakigeuza kitabu,
akatazama picha ya nje: vioo vile vile, vyeusi tii.
"Kumbe," akasema, "ni ya kutazamwa na walio ndani tu."
Akaomba alale nacho.

Kilirudi baada ya juma, chanuka saruji na tangawizi.
Dirisha kubwa la mviringo, chini kushoto,
limepata doa jeupe la dole gumba.
Nimelisugua kidogo. Halitoki.