Mkaa Ukutani

Kwanza nilidhani ni jua la Hombolo limemkaa kichwani.
Kutwa alikuwa nami shambani, chini ya mizabibu,
akila zabibu mbichi na kukunja uso,
akivuta sikio, nami nikidhani anafukuza nzi.
Jioni nikamwinua.
Shingo yake ilikuwa sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

Mama yake yuko Mvumi, anamuuguza dada yake.
Simu inaita, inakatika.
Nyumbani tuko wawili: mimi, na Nyemo wa miezi kumi na sita,
na upepo wa Agosti unaokwaruza bati.

Bibi Mgoli wa nyumba ya pili akaja na blanketi mbili:
"Mfunike gubigubi, jasho litoke na ugonjwa wake."
Nikazipokea kwa mikono miwili, nikashukuru,
alipotoka nikazikunja, nikazikalia.

Nikamvua sweta. Nikamvua soksi.
Nikamwacha na kifulana, na dirisha wazi kiganja kimoja.
Nesi Chilewa alisema siku ile ya chanjo,
akigonga meza kwa kalamu kila silabi:
"U-vu-gu-vu-gu, baba Nyemo. Si maji ya mtungini.
Ya baridi yatamtetemesha, na kutetemeka kunachochea moto."
Basi kitambaa kwapani, kitambaa kwenye mapaja,
naye akinitazama kama mtu aliyesalitiwa.

Kadi ya kliniki: kilo tisa na nusu.
Chupa ya dawa, ya rangi ya waridi,
na kibomba chake kisicho na sindano.
Mililita tano.
Nilisoma kwa tochi ya simu, nikarudia, nikarudia tena,
mimi ninayepima mbolea ya shamba zima kwa kiganja.
Saa mbili usiku. Nikaokota kipande cha mkaa jikoni
nikaandika ukutani: 2.
Mbele yake nikaandika 8, nikaizungushia duara.
Kabla ya hapo mkono usiguse chupa, alie asilie.

Kikombe alikikataa. Kifuniko cha chupa akakikubali.
Kifuniko kimoja cha maji, tunapumzika, kingine.
Saa nne akanikojolea mapajani.
Sijawahi kuushangilia mkojo namna ile.

Kwetu, ukilitaja degedege usiku, unashusha sauti.
Wanasema ni ndege, hupita juu ya paa.
Mtoto wa shangazi Mbeleje alichukuliwa na ndege huyo
huku watu wanne wakimlazimishia kijiko kati ya meno.
Ndege akalaumiwa.
Kijiko kikaoshwa, kikarudi kwenye chungu.
Saa sita, Nyemo akihema haraka haraka,
nilichukua mto nikafanya mazoezi:
mlaze ubavu. Mdomoni usitie kitu.
Tazama saa. Beba, kimbia.
Niliulaza mto ule ubavu mara tano, mtu mzima mimi,
nikimwangalia yeye kwa jicho la pembeni.
Ndege hakuja.

Saa nane. Mililita tano. Nikaikata ile 8 kwa mstari.
Alfajiri akapoa, akaomba uji kwa kidole,
na hapo ndipo shetani wa uvivu aliponinong'oneza:
amepona, kalale.
Lakini dawa inapunguza moto, haisemi kuni ziko wapi.
Nikamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake,
wanaume wenzangu pale kisimani wakacheka,
nikapita.

Zahanati wakamtoboa kidole, tone moja.
Tukasubiri. Mstari mmoja tu: si malaria.
Nesi akawasha kitochi, akachungulia sikio la kushoto,
akanyamaza kidogo.
"Hili hapa. Tangu lini analivuta?"

Tangu asubuhi ya jana, nesi.
Nilikuwa nikifukuza nzi.

Mke wangu akarudi Jumapili.
Nyemo alikuwa anakimbiza kuku, chupa ya pili ya dawa haijaisha,
nami nimekatazwa kuiacha hata akikimbiza ng'ombe.
Akasimama mbele ya ukuta na mzigo bado kichwani.
"Deni la nani hili umeliandika?"

Nikasema nitapaka chokaa.
Sijapaka.