Pambizo

Daftari la mazoezi lina jalada la bluu,
doa la mtori ukurasa wa kumi na tisa,
na wino mwekundu wa Dokta Mrutu pambizoni:
"Nani kasema? Ushahidi? Punguza huruma, ongeza nadharia."

Tulikuwa kumi na mmoja darasani.
Elinami, askari magereza mwenye likizo ya masomo,
alikaa mlangoni kama anayehesabu wanaotoka.
Sista Nakunda alileta karanga.
Mimi nilileta deni:
baba aliuza ng'ombe wawili wa maziwa,
mama akawaambia majirani wamekufa kwa ndigana.

Muhula wa kwanza tulijifunza kusikiliza.
Tulifundishwa kwa slaidi:
egemea mbele kidogo, usikunje mikono,
rudia neno la mwisho la mteja.
Tukajaribu wawili wawili.
Nikamlilia Elinami machozi ya kuigiza,
kisha ya kweli,
kisha muda ukaisha.

Muhula wa tatu nikapangiwa Pasua.
Bibi Haikaeli, wajukuu wanne, chumba kimoja,
kodi ya miezi mitatu haijalipwa.
Nikaegemea mbele kidogo.
Nikasema, "Nasikia kwamba umechoka."
"Umesikia kwa nani?"
Akanisukumia beseni la ndizi na kisu.
"Menya. Mikono ikipata kazi, mdomo unapata adabu."

Nilimenya. Utomvu ulining'ang'ania vidole wiki nzima.
Humo katika kumenya, bila fomu,
akanieleza habari za kihamba cha Kibosho,
shemeji, na masale ya mpakani yaliyohama usiku,
mwanawe aliyezikwa upande
ambao sasa ni wa watu.
Fomu ilikuwa na mistari miwili: Tatizo la Mteja.
Nikaandika: kipato duni.
Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana.

Mjukuu wa pili, Ombeni, hakuwa akinisemesha.
Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
akipanga vizibo vya soda kwa rangi.
Ziara ya sita, bila kuinua uso:
"Ukimaliza kutuandika, unatupeleka wapi?"

Hilo nililipeleka kwa Dokta Mrutu.
Alivua miwani. Mvua ikaja juu ya bati, ikapita.
Kisha akashika kalamu nyekundu, akaandika pambizoni,
mara ya kwanza bila alama ya kuuliza:
"Hata mimi sijui."

Joho nilikodi.
Mlima ulijifunika siku nzima, picha zote zina wingu.
Baba alinipa mkono kama napokea tuzo.
Mama aliuliza kwa sauti ya chini
mshahara unaanza mwezi gani.

Huu ni mwaka wa tatu wa "tutakupigia."
Nafasi moja ya halmashauri, wasailiwa mia nne na sita;
tulijaza uwanja kama waliokuja kutazama mpira.
Sasa natia majalada tasnifu za wenzangu
katika duka la vifaa vya ofisi, njia ya kwenda KCMC:
jalada jeusi, herufi za dhahabu, gundi inayoumiza kichwa.
Nasoma shukrani wakati gundi inakauka.
Wote wanamshukuru Mungu, wachache wanawashukuru waliohojiwa.
Sista Nakunda yuko Arusha, Ngarenaro, hana muda wa simu.
Elinami amerudi gerezani.
Wanasema siku hizi hubisha hodi kabla ya kufungua seli,
na wenzake wanamcheka.

Alhamisi akaingia kijana, sauti imeshakuwa nzito,
ovaroli ya gereji, grisi hadi kwenye viwiko.
Alitaka kopi mbili za barua
ya kwenda baraza la ardhi la kata.
Sikumtambua mpaka alipoipindua ndoo ya deki
akaikalia.

"Bibi anaulizia vidole vyako."
Kisha, karatasi mkononi:
"Hii sentensi ya tatu imekaa sawa?"

Haikukaa sawa.
Nikazima mashine, foleni ikaguna.
Sikuegemea mbele.
Nikamuuliza masale yalikuwa wapi kabla hayajahama,
nani aliyaona,
nani kasema,
na nikatafuta kalamu. Nyekundu ndiyo iliyokuwa karibu.