Hukumu ya Kangagani

Saa imesema yake: Shaame ndiye mshindi.
Kombe lake alishike, hilo mimi silipindi.
Ila mnipe niweke neno langu, halivundi:
Wete, lami iloweke, ndipo humjua fundi.

Yeye alitangulia, hakuonja hata tope,
Mbele hakuzibwa njia, kioo chake cheupe;
Nyuma wakapapasia gizani, kope kwa kope.
Kwa hiyo, nawaambia, kumi zote msimpe.

Faki pale Kangagani aliingia kwa swaga,
Gari, pia ya shambani, mihogo ikakanyaga!
Vifijo tele pembeni mashabiki wakamwaga.
Mbili humu kitabuni, vijana wasije iga.

Riziki, wa nne yule, na gari la kurithia,
Wipa zilikufa mbele, kichwa nje kachungulia,
Na mikono itulile, usukani wasikia;
Dimbwi hili, dimbwi lile, hodi akilipigia.

Wino wangu umelowa, ukurasa ni bahari,
Namba zimechukuliwa na mvua, bila habari.
Tisa yake naijuwa, sihitaji daftari.
Kumi naipa mvuwa, ilokwenda bila gari.